Jinsi Nilivyomuua Mjane wa Asau

Jumatano, 7 Agosti

Nimeamka na maoni. Huamka nayo kila siku, lakini leo yalikuwa mengi na hapakuwa na wa kumwambia. Nilimfuata mke wangu Merita bustanini, akipalilia majimbi, nikamweleza ninavyowaona watu wanaokaa na sahani za wenzao bila kuzirudisha. Akasema sahani ya mke wa mchungaji iko kwetu tangu Pasaka. 

Kero kubwa ya leo ni ile ile ya jana: kinanda cha Laufou. Laufou ni jirani yangu, shemasi mwenzangu, na kiongozi wa kwaya. Mwanawe aliyeko Auckland amemletea kinanda cha umeme chenye kitufe. Ukikibonyeza, ngoma zinajipiga zenyewe. Jumapili tuliimba wimbo wa toba, na akina mama wa mstari wa pili wakawa wanatikisa mabega. Mabega! Toba haina mabega. Nilimwambia Mchungaji Elisaia. Alisema Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano. Nikamjibu kwamba Daudi hakuwa na kitufe. Akaniambia nimsalimie Merita.

Halafu saa nne, habari njema. Redio ya Salelologa, bandari ya kisiwa chetu cha Savaii, inatafuta msikilizaji wa kutoa maoni yake kila Ijumaa asubuhi. Dakika tano, mubashara. Kipindi kitaitwa Neno la Ijumaa. Mtangazaji, Etevise, yule binti anayeanza kuzungumza kabla nyimbo hazijaisha, amesema wasikilizaji waandike barua za kumpendekeza wanayemtaka. Barua za karatasi, maana ujumbe wa simu watu hutuma bila kufikiri.

Barua! Mimi nimefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja. Mungu huwakumbuka walio wake.

Jioni Laufou alipita uani kwangu akipiga mluzi. Amesema watu wanamsihi ajaribu. Watu gani, hakusema.

Ijumaa, 9 Agosti

Barua kumi na moja. Kazi safi. Kalamu nne, mkono wa kulia na wa kushoto, nyingine niliiandika nikiwa nimesimama ili herufi ziyumbe kama za mzee. Mwalimu mstaafu ananisifu kwa hekima. Mkulima wa kakao ananisifu kwa ufupi. Baharia anasema sauti yangu ilimfikia mara moja akiwa kwenye feri, ingawa sikumbuki kuwahi kumpigia mtu kelele ferini.

Lakini lulu yao ni Sulia. Mjane kipofu wa Asau. Jina lilinijia tu nikitafuna jimbi. Nilichagua Asau kwa sababu iko upande wa pili wa kisiwa, na hakuna atakayekwenda huko kuuliza. Sulia, aliyemwomba jirani amwandikie, anasema aliwahi kunisikia nikiomba kwenye mkutano wa makanisa na tangu siku hiyo giza lake limekuwa jepesi. Nililia kidogo nilipoisoma. Nikaongeza mstari unaosema ngoma kanisani humuumiza kichwa.

Merita aliingia nikibandika stempu ya mwisho. Aliziangalia bahasha, akaniangalia.

“Njia ya mwongo ni fupi, Peniamina,” akasema.

Nilimweleza kwamba huu si uongo. Ni maoni ambayo watu wangekuwa nayo kama wangepata nafasi. Alikwenda kukuna nazi, na alizikuna kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika.

Jumatano, 14 Agosti

Etevise amepiga simu. Nimechaguliwa! Barua kumi na moja. Laufou alipata tatu, na moja, nina hakika, aliiandika yeye mwenyewe. Aibu gani hiyo, mtu mzima kujiandikia barua.

Ijumaa hii ni ya majaribio. Wakiipenda, kipindi ni changu mwaka mzima. Etevise alisema barua ya mjane iliwatoa machozi ofisi nzima. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba sipendi kusifiwa, kisha nikamwomba airudie ile sehemu ya giza.

Merita alipoambiwa alisema hongera. Ile hongera fupi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilivaa shati jeupe na shuka yangu ya kiunoni ya kanisani, ingawa redioni mtu haonekani. Heshima ni heshima.

Nilizungumza dakika saba. Nilianza na watu wanaoacha simu zilie wakati wa sala, nikapita kwenye jogoo wasiojua saa, nikamalizia na muziki wa siku hizi. Nilisema nyimbo za mapenzi zinazopigwa dukani na bandarini ni sukari bila chai. Nilisema zinaingia kanisani kwa mlango wa nyuma, zikiwa zimevaa nguo za ibada. Sikumtaja Laufou kwa jina. Nilisema tu “mtu fulani mwenye kitufe.” Nilijisikia kama nabii.

Etevise alinishukuru, akaweka tangazo la unga wa ngano, akatoka kuchukua maji. Nikabaki peke yangu chumbani, roho imetulia. Sijui ilikuwaje. Nikaanza kuimba. Wala si zaburi. Nikaimba “Rudi na Feri ya Jioni,” ule wimbo wa yule kijana wa Apia mwenye miwani, wote, pamoja na ile sehemu inayosema “mpenzi, kisiwa hiki ni kidogo bila kiuno chako.” Nikapiga na meza.

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Unga wa ngano ulikuwa umekwisha tangu ubeti wa kwanza. Savaii nzima imesikia. Nilipofika nyumbani Merita alikuwa ameketi kwenye ngazi, khanga mdomoni, mabega yakitikisika. Hayakuwa ya toba.

Jumapili, 18 Agosti

Nimeingia kanisani nikitazama mbele. Nyuma yangu mtu fulani alikohoa kwa sauti ya honi ya feri.

Baada ya ibada Laufou alinifuata hadi nyumbani, tukiwa bado tunasubiri chakula kilichofukiwa kwenye mawe ya moto kifunuliwe. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akaketi, akasema kwaya yake haina besi tangu mzee Iakopo alipohamia kwa bintiye, na kwamba sauti aliyoisikia redioni Ijumaa ilimsimamisha katikati ya kunyoa ndevu. Aliomba nijiunge. Alisema hivyo akiangalia chini, kama mtu anayeomba kweli.

Nilikataa. Mtego huo uko wazi kabisa. Anataka nisimame karibu na kitufe ili nisiweze tena kukisema. Alikula nyama ya nguruwe mara mbili, akaaga.

Merita alisema nilikuwa mkali bila sababu. Alisema sauti yangu ndiyo iliyomfanya akubali posa yangu, maana maoni yangu alikuwa ameshayasikia.

Sikupata nafasi ya kulifikiria hilo. Etevise alipiga simu. Kituo kimefurahi, watu wanapiga simu wakicheka, kipindi ni changu. Na Ijumaa hii wana zawadi kwangu. Watamtuma mtu Asau na gari, wamlete Sulia studioni, ashike mkono wangu mubashara.

Nilisema vizuri sana. Nilisema nina shauku. Kisha nikaketi kwenye pipa la maji kwa muda mrefu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu. Sulia hawezi kuja kwa sababu hayupo. Hawezi kuugua, maana watamtembelea. Hawezi kusafiri, maana watamngoja. Njia ya heshima ni moja.

Amefariki. Mpwa wake ameandika barua kwa huzuni. Alilala Jumamosi akisikiliza redio na hakuamka. Maneno yake ya mwisho yalihusu Neno la Ijumaa. Barua nimeipeleka mwenyewe na kuipenyeza chini ya mlango wa kituo wakati wa chakula cha mchana.

Kifo ni jambo safi. Kinafunga kila kitu. Nimekula vizuri.

Jumanne, 20 Agosti

Hakijafunga kitu.

Etevise aliisoma barua redioni saa moja asubuhi, sauti ikikatika, na akaweka wimbo wa maombolezo ambao, kwa mara ya kwanza, hakuukatiza. Akasema marehemu alikuwa rafiki wa kiroho wa Shemasi Peniamina wa kijiji chetu. Saa mbili kengele ya kanisa ililia. Mchungaji Elisaia amesema mjane aliyempenda mtu wetu ni mjane wetu, na hatuwezi kuacha familia yake izike bila sisi, na kufika mikono mitupu ni aibu ya kijiji kizima. Kamati ya akina mama imekusanya mikeka laini ya heshima ya kupeleka msibani, makopo ya samaki, na nguruwe. Laufou amejitolea kwaya yake yote. Lori limepatikana.

Nilijaribu. Nilimwambia mchungaji kwamba pengine wameshazika. Akasema msiba hauna kuchelewa. Nilisema barabara ya Asau imeharibika. Dereva wa lori akasema amepita jana. Nilisema pengine Sulia alikuwa mtu wa dhehebu jingine. Mchungaji alinitazama kwa uchungu kiasi kwamba niliomba msamaha.

Nilipoingia ndani nikamkuta Merita amepiga magoti mbele ya sanduku. Alikuwa ametoa mkeka wa mamaye. Ule laini kama kitambaa, wenye manyoya mekundu pembeni, ambao marehemu mkwe wangu aliusuka miaka miwili hadi macho yakamwisha. Haujawahi kutoka nyumbani. Hata kwenye msiba wa kaka yangu haukutoka.

Nilimwuliza kwa nini huo. Akasema mama yake naye alikufa kipofu, na mtu wa namna hiyo hastahili kwenda na mkeka wa kawaida.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo. Nilimwuliza kama kuna chai.

Jumatano, 21 Agosti

Wameondoka alfajiri. Walitaka niende kama msemaji wa kijiji, kwa kuwa nilimfahamu marehemu. Niliwaambia mguu wangu umevimba. Merita aliutazama mguu, kisha akapanda lori, mkeka umekunjwa mapajani mwake kama mtoto.

Nimebaki na jogoo wa Laufou. Nilimwomba Mungu aharibu gurudumu. Kisha nikaona ni vibaya kuomba hivyo, wanawake wakiwa garini, nikaomba iwe ni gurudumu la akiba. Sidhani kama sala hii ilifika popote.

Mpango: watafika, hawatampata marehemu, watarudi. Nitasema mpwa alikuwa tapeli. Dunia imejaa matapeli.

Alhamisi, 22 Agosti

Wamerudi mchana. Nilikuwa barazani, mguu nimeuweka juu ya kiti kwa ajili ya ushahidi. Lori likapita nyumbani kwangu bila kusimama, likaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kanisa. Mbele, kando ya dereva, alikaa bibi mmoja mwembamba mwenye kofia ya kiungwana. Gari la redio lilikuwa nyuma. Kengele ikalia.

Nilikwenda. Mguu ulipona njiani.

Ukumbi ulikuwa umejaa na hapakuwa na anayecheka. Mchungaji alieleza. Walifika Asau, wakauliza kwa marehemu Sulia. Watu wakawaonyesha nyumba. Wakashusha nguruwe, wakatandaza mikeka nje, na kwaya, pamoja na kinanda cha Laufou na ngoma zake, ikaimba wimbo wa mazishi, wote, beti nne. Katika ubeti wa nne mlango ukafunguka, Sulia akatoka na shelisheli mkononi, kisu mkono mwingine, akawauliza wanamlilia nani.

Yupo. Sulia, mjane, umri wa miaka sabini na minane, wa Asau. Nilidhani nimemtunga. Si kipofu hata kidogo. Tangu nilipoingia alikuwa ananitazama mimi tu.

Alisimama. Hakupandisha sauti.

“Nimeambiwa nilikufa Jumamosi,” akasema. “Jumamosi nilikuwa nafua. Nataka kumwona aliyeniua.”

Etevise alikuwa ameshika barua mbili, ile ya sifa na ile ya kifo. Alizigeuza huku na huku. Nilijua anachokitazama: ule mkia wa herufi, ninaoukunja kushoto. Miaka thelathini na mmoja posta, na mkia nikausahau.

Nilimtazama Merita. Hakunitazama. Mkeka ulikuwa bado mapajani mwake, na alikuwa anaulainisha ukingo kwa kidole gumba, polepole, mahali ambapo haukuwa na mkunjo.

Nikasimama. Nilikuwa na maelezo matatu tayari, na moja lilikuwa zuri sana. Lakini kile kidole kilikuwa kinaendelea kulainisha. Nikasema, “Ni mimi, mama. Zote ni mimi. Na mkulima wa kakao pia.”

Kisha Laufou, nyuma kabisa, akauliza kama hata baharia ni mimi. Nikasema hata baharia. Akaanza kucheka. Si kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kujizuia na akashindwa. Dereva akafuata, kisha akina mama wa mstari wa pili. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia na Biblia ikawa inatikisika.

Merita hakucheka. Sulia pia hakucheka. Alisubiri wakanyamaza, akasema ana maneno mawili. La kwanza, nguruwe atakaa naye, kwa kuwa ameshazoeana na wake. Mikeka mingine irudi kwa wenyewe.

“La pili,” akasema, akimgeukia Merita, “mkeka huu, mwanangu, nitaushika mimi. Si kwa kuutaka. Nitaurudisha siku nitakapomsikia mume wako akiimba na hawa waliokuja kunizika. Mlangoni pangu waliimba vizuri, na ile ngoma imenipendeza. Mazishi yangu yakifika kweli, naitaka hiyo hiyo.”

Merita akainuka, akampa mkeka kwa mikono miwili. Tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Ijumaa, 23 Agosti

Neno la Ijumaa. Msemaji: Sulia wa Asau. Etevise alimwomba jana ile ile, na kipindi ni chake mwaka mzima.

Nilisikiliza jikoni. Alizungumza dakika tano kamili. Alisema watu hawamsikilizi bibi kizee hadi afe, na kwamba yeye amebahatika kupata vyote viwili. Alisema wanaume wanaojua Mungu anapenda muziki gani wamwonyeshe barua Yake. Alisema pia kuhusu watu wasiorudisha sahani. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana, na iliniudhi.

Merita amepika ndizi kwa tui, lakini ameniwekea sahani bila kusema neno. Siku ya pili sasa. Nyumba hii ina ukimya ambao hata jogoo wa Laufou ameuheshimu.

Nilikwenda kwa Laufou. Nilikaa kwenye ngazi yake. Nilimwambia nitaimba besi. Akauliza kama nitaweza kuvumilia kitufe. Nikasema nitajaribu kutokitazama.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeimba.

Redio ilitangaza ibada yetu mubashara, Sulia akisikiliza kwake Asau. Mazoezi yalikuwa mawili tu. Nilisimama mwisho wa mstari, kinanda hatua moja kutoka kwangu. Laufou akabonyeza. Ngoma zikaanza, na mimi nikaingia nilipopaswa kuingia, chini kabisa, mahali ambapo mtu huihisi sauti tumboni kabla ya kuisikia. Sikuwahi kuimba na watu arobaini wamenizunguka. Sauti yangu ilishika zao kutoka chini kama mtu anayebeba paa la nyumba na wenzake. Katika ubeti wa tatu niligundua mabega yangu yanatembea. Niliyaacha.

Merita alikuwa mstari wa pili. Kwenye kiitikio akageuka, mara moja tu, akanitazama jinsi alivyonitazama kwenye harusi ya binamu yake kabla sijamposa.

Mchana Sulia alipiga simu kwa mchungaji. Amesema mkeka utakuja na basi la kesho, na kwamba besi ilikuwa nzuri ila imepanda juu kidogo mwishoni.

Merita ameniambia nile. Neno moja tu, “Kula,” lakini alikuwa amenichagulia jimbi la katikati, laini. Nimemwahidi sitadanganya tena maishani mwangu. Alisema tuanze na wiki hii.

Nimejifunza mengi. Mtu akijifunza kwa aibu hasahau.

Jumatano, 28 Agosti

Kwaya inakwenda Apia mwezi ujao kuimba kwenye mkutano mkuu. Magazeti yatakuwepo, hata televisheni. Furaha kubwa.

Tatizo moja dogo. Laufou anapanga besi nyuma kabisa, na mbele yangu amemweka Vaitupu, ambaye ni mrefu na ana nywele nyingi. Televisheni haitaniona. Mimi binafsi sijali. Ninafikiria sauti tu.

Sikutaka kuonekana najipendekeza. Kwa hiyo nilimwambia Laufou, kwa faragha, kwamba kuna daktari bingwa wa masikio kule Auckland aliyegundua kuwa besi ikiwekwa mbele, kando ya kinanda, wasikilizaji hupata faida kubwa ya kiafya. Nilimpa na jina: Daktari Petelo Masoe. Lilinijia tu nikitafuna shelisheli.

Laufou alivutiwa sana. Amekubali nisimame mbele. Ana dada yake Apia ambaye sikio limemsumbua tangu Krismasi, na madaktari wote wameshindwa. Jumanne dada huyo anapanda ndege kwenda Auckland kumwona Daktari Masoe.

Ameniomba anwani. Nimemwambia nitampelekea kesho, kwa maandishi.